Mwana wa Masta Baliram

Ijumaa asubuhi uchochoro wa viatu vya mitumba katikati ya Mumbai huwa hauna pa kukanyaga. Viatu vimemwagwa juu ya maturubai, cha kulia kimempoteza mwenzake wa kushoto, na watu wanainama, wanachakura, wanasukumana na kuombana radhi huku wakiendelea kusukumana. Humo ndimo Nakul Dubey alimoshika buti moja jeusi, akalivuta, na buti likagoma kuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mkono wenye bangili za kioo za kijani.

"Dada, hili namba tisa," Nakul akasema. "Wewe na tisa wapi na wapi?"

"Nani kakwambia nataka kuvaa?"

Msichana akalipokonya, akalipiga kisigino chini mara mbili, akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Alivaa kurta, kanzu fupi ya rangi ya haradali, mtandio mwekundu kaufunga kiunoni kama aliyekuja kazini, na msuko wake mmoja mnene ulichomekwa asumini za jana. Muuzaji alimtazama kwa uchovu wa mtu aliyezoea.

"Huyu kila Ijumaa yupo," muuzaji akamwambia Nakul. "Anavipiga viatu vyangu kama vimemkosea. Bei haulizi mpaka vilie."

"Natengeneza sauti za sinema," msichana akasema. "Mtu akitembea kwenye picha, miguu unayoisikia ni yangu. Akipigwa kofi, linalolia ni paja langu."

"Basi tunajuana. Anayepigwa ni mimi."

"Unapigwa na nani?"

"Na kila mtu. Naanguka, navunja vioo, narushwa madirishani. Steringi akiogopa wananiita mimi. Sasa hivi niko kwenye ile ya yatima aliyelelewa na jambazi."

Msichana akaliachia buti. "Geuka."

"Nigeuke nini?"

"Geuka nikuone mgongo."

Kuna sauti za wanawake ambazo mwanaume hutii kwanza halafu ndipo huuliza. Nakul akageuka pale pale katikati ya njia, na mchukuzi mwenye tenga kichwani akamtukana yeye na ukoo wake wote. Msichana alikagua mabega yale, la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, akaanza kucheka.

"Ndiwe. Miaka miwili nautengenezea nyayo mgongo huu. Mguu wa kushoto unauvuta ukikaribia kuruka. Nilijua tu si yeye, maana yeye anatembea kama anaogopa kuchafua soksi."

Nakul alikuwa ameruka kutoka maghorofani na kwenye pikipiki zinazowaka bila kumeza mate. Hapo aliyameza. Tangu aanze kazi ile watu walimpigia makofi mtu mwingine, na leo msichana wa sokoni anamtambua kwa mgongo. Alijisikia kama amevuliwa shati mbele ya watu, na akagundua kwamba hakuona vibaya.

"Tugawane," akasema. "Nalivaa mimi kwenye kupigana, tukimaliza nakuletea ulipigie sauti. Ila nahitaji namba yako ya simu, nisije nikapotea na mali."

"Mali yenyewe hujalipia."

"Nalipa sasa hivi. Jina?"

"Revati Mishra. Na usijisumbue kusema utapiga. Wote husema."

"Nitapiga kabla hujafika stesheni."

Alipiga akiwa bado anauona mgongo wa msichana ukiyoyoma kwenye umati. Revati alipokea bila kugeuka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na hilo Nakul hakuliona kwa sababu ya msuko.

Mvua zilikuwa zimeanza. Mumbai ya mvua ni mji wa watu wasiotulia: treni zinachelewa, nguo hazikauki, na wapendanao hawana pa kukaa. Nakul na Revati walipendana kwa simu zaidi kuliko kwa macho. Yeye alikuwa juu ya mapaa ya viwanda vya kukodi huko Andheri, amefungwa kamba kiunoni. Mwenzake alikuwa ndani ya chumba kisicho na dirisha, miongoni mwa masanduku ya mchanga, kokoto, vifuu na milango isiyoelekea popote.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo, nasikia tumbo linanguruma."

"Hiyo jenereta, Revati."

"Kwa hiyo unanifundisha mimi sauti?"

"Sikufundishi, malkia. Nikitoka hapa nikukute wapi?"

"Ukutani, baharini. Na uje na mahindi. Yangu pilipili nyingi."

Walikutana kwenye ukuta wa Bandra, mawimbi yakiwarushia matope, wakala mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili mpaka midomo ikavimba. Revati alimtania kwa makovu yake, akimwambia kila kovu lina sauti na akitaka angeweza kuyatengeneza yote kwa kabichi na mfuko wa wanga. Nakul alicheka lakini miguu yake haikutulia. Hata akiwa amekaa goti lilikuwa likicheza. Alikuwa mtu anayesubiri kusukumwa.

"Hebu tulia," Revati akamwambia siku moja, akiweka mkono juu ya goti lile. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna. Ndivyo nilivyo."

"Tangu lini?"

Ndipo akamsimulia. Alikuwa mtoto wa kituo cha yatima. Siku moja kituo kilikodishiwa watu wa sinema, wakawapanga watoto na sahani mikononi ili waigize kuwa ni yatima wenye njaa, kazi ambayo hawakuhitaji kufundishwa. Uani mkuu wa mapigano, Masta Baliram Dubey, alikuwa anafanya majaribio, na zamu ile yeye ndiye aliyekuwa akipigwa. Kitoto kimoja kikatoka kwenye foleni na upawa mkononi, kikamtandika mguu yule aliyekuwa akimpiga Masta.

"Ndiyo mimi huyo," Nakul akasema. "Walicheka mpaka kamera ikazimwa. Mzee hakucheka. Jumapili iliyofuata akaja kituoni na ndizi. Na nyingine. Na nyingine. Mpaka wakamchoka, wakanikabidhi."

Masta Baliram hakukodi mtoto, alizaa upya. Aliita kasisi wa hekalu, akawasha moto mtakatifu, akampakata mtoto mbele ya majirani na kumpa jina lake na ukoo wake. Tangu siku hiyo Nakul ndiye ambaye siku ya mzee kufa atawasha kuni za kumchomea maiti. Kuna wanawake walitaka kuolewa na Baliram, lakini walipomwona anaanguka kutoka mapaani kwa riziki, na mtoto kamning'inia mgongoni, wakaingia mitini.

"Na aliyekuzaa humtafuti?" Revati akauliza.

"Nimpate nimwambie nini? Kuzaa si kazi, kazi kulea. Kazi ilishafanywa."

Katika sinema zetu yatima hapati kupumua namna hiyo. Lazima kidani kikatike, lazima alama ya kuzaliwa ionekane shati likichanika, na baba awe jaji. Nakul hakuwa na kidani. Revati alimtazama, akaona ndiye mwanaume wa kwanza aliyemjua ambaye hakumwonea haya mtu aliyemlea. Akamwambia pale pale, mahindi mdomoni:

"Mlete mzee wako nyumbani. Baba yangu mkali, lakini anapenda kijana anayekuja na mzazi."

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na watoto wa mji huu tu. Waliulizana chakula, nyota, timu ya kriketi, mpaka aina ya sabuni. Ukoo hawakuulizana. Dubey na Mishra ni majina mawili tofauti, nani angefikiri?

Siku ya kwenda, Masta Baliram alinyoa mara mbili. Alivaa kurta nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, akafunga goti lake bovu kwa bendeji ili asichechemee mbele ya wakwe, akabeba sanduku la peremende za maziwa kifuani. Ndani ya treni ya Kalyan alisimama njia nzima ili kurta isikunjike.

Omkarnath Mishra, mkuu wa stesheni mstaafu, aliwapokea mlangoni. Mkewe alifariki Revati akiwa mdogo, na ni baba huyu aliyemsuka nywele, akajifunza kupika mchuzi wa dengu kwa kuunguza sufuria. Pembeni yake alikaa Pandit Kamlesh, kaka wa marehemu mkewe, kasisi mwenye sauti laini na tumbo la vyakula vya harusi. Revati aliingia na trei ya chai, sari ya kijani kibichi, macho chini kwa adabu aliyoiazima kwa siku hiyo tu. Nakul alipochukua kikombe, Revati alimkanyaga kidole.

"Masta, kijana namwona ana adabu," Mishra akasema. "Kazi yake ya hatari, lakini na treni zina hatari. Sisi mambo yetu si mengi. Ukoo wenu?"

Baliram alijiweka sawa kitini. Swali hili alikuwa analisubiri tangu alipompakata mtoto mbele ya moto.

"Bharadwaj," akasema. "Na mwanangu Bharadwaj. Nilimpa mwenyewe."

Mishra akaweka kikombe chini. Pandit Kamlesh akaangalia dari.

"Sisi pia ni Bharadwaj," Mishra akasema.

Chai ikapoa. Kwa watu hawa, walio wa ukoo mmoja ni watoto wa mzee mmoja wa kale, hata kama nyumba zao hazijawahi kuonana. Mvulana na msichana wa ukoo mmoja ni kaka na dada, na kaka haoi dada yake. Baliram alikuwa akitazama mikono yake kama mtu aliyempa mwanawe zawadi ya thamani kuliko zote, leo anaambiwa ndiyo kufuli ya mlango.

"Masta, usione ni dharau," Mishra akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ungekuwa wa ukoo mwingine wowote, peremende hizi ningezifungua mwenyewe."

Sanduku likarudi nao kwenye treni. Safari hii Baliram alikaa, kurta ikakunjika.

Siku zilizofuata Nakul hakukaa. Alitembea kutoka Andheri mpaka Juhu na kurudi kwenye mvua, akaruka vitu ambavyo hakuna aliyemlipa aviruke. Revati alimpigia.

"Nimemwambia baba sili."

"Unakula lakini?"

"Nakula jikoni akilala. Nakul, usikate tamaa. Nipe muda nimlainishe."

"Muda ninao. Pumzi ndiyo sina."

Kisha Pandit Kamlesh akamwita Nakul kwenye kibanda cha chai nyuma ya hekalu lake.

"Sikiliza, kijana. Mtu asiyejua ukoo wake, desturi inampa ukoo wa Kashyap. Ni kama blanketi la hospitali, kila asiye na lake anafunikwa. Wewe ulizaliwa hujulikani. Masta kakulea, Mungu amlipe, lakini kakulea tu. Siku ya uchumba ukiulizwa, sema hivyo mbele ya wazee. Unakuwa Kashyap, Revati Bharadwaj, ndoa inafungwa. Shemeji nimeshamwambia, amekubali."

"Na baba yangu?"

"Asije. Ni jambo la kusema tu."

"Revati anajua?"

"Anajua tumekubali, namna hajui. Atajua siku yenyewe. Wanawake hupenda kushtukizwa na furaha."

Hapa mimi ningemshika sikio. Lakini mapenzi ni kikohozi, na mwenye kukohoa hasikii anachoambiwa. Nakul alijiambia kwamba maneno ni upepo, kwamba angesema mara moja tu kisha maisha yote angembusu mzee miguu. Akamwambia Baliram anakwenda kupiga picha milimani. Mzee alikuwa anapiga pasi. Hakuuliza mlima gani.

"Vaa shati la buluu," akasema tu. "Linakupendeza."

Siku ya uchumba sebule ya Mishra ilijaa majamaa na maua ya manjano. Revati alitoka amevaa sari ya waridi yenye ukingo wa dhahabu, hina mikononi, akimtafuta Nakul kwa macho, na alipomwona akamkonyeza. Kisha akaangalia mlangoni, kana kwamba anamsubiri mtu mwingine.

"Mwana wa nani?" Pandit Kamlesh akauliza, kwa sauti ya kitabuni.

"Sina baba," Nakul akasema. Maneno yalitoka mepesi, na hilo ndilo lililomtisha. "Masta Baliram alinilea tu."

"Ukoo?"

"Kashyap."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Revati akavua shada la maua shingoni, akaliweka juu ya kiti taratibu kama mtu anayeweka kitu kisichokuwa chake, akaingia chumbani na kufunga komeo. Mjomba aligonga. Baba aligonga. Nakul naye aligonga, akaita, akabembeleza, na ndani hakukusikika hata pumzi, na huyo ndiye msichana ambaye kazi yake ni sauti.

Nakul aliondoka na jibu lake kichwani: ameona haya. Kusikia habari za yatima ukutani baharini ni tamu, kuzisikia mbele ya shangazi na majirani ni kitu kingine. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukusomwa. Akaapa hatapiga tena, akapiga kabla treni haijafika stesheni ya pili.

Na Revati huko chumbani alilia mpaka hina ikamchafua mashavu. Hakulionea haya neno yatima. Aliona kwamba mtu aliyempenda kwa sababu ya baba yake amesimama na shati la buluu na kumfuta baba huyo kama vumbi.

Sinema ya yatima ilikuwa imefika mwisho wake. Juu ya paa la ghala, steringi alitakiwa amwambie jambazi aliyemlea, "Wewe si baba yangu," kisha Nakul avae shati lile lile la steringi na kuruka mpaka chini, ambako Masta Baliram alikuwa amepanga maboksi ya karatasi na magodoro kwa mkono wake, kama alivyopanga kila mahali Nakul alipowahi kuangukia. Steringi alikuwa anakosea. Alisema kwa hasira, mwongozaji akakataa. Akasema kwa machozi, akakataliwa. Neno lile likarudiwa na kurudiwa, na Nakul amekaa pembeni na kamba kiunoni, analisikia kila mara kama anaitwa yeye.

Mwishowe akafungua kamba, akashuka ngazi, akamkuta mzee amepiga magoti anabana maboksi.

"Baba, sikwenda milimani."

"Najua."

"Nilikwenda kwa kina Revati. Nilisema..."

"Najua ulichosema. Shika hapa, boksi linateleza."

Nakul akashika boksi. "Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Unadhani Kamlesh ana akili hiyo? Mimi ndiye niliyemfuata. Nilimwambia, mkinitoa mimi katikati, njia si itakuwa nyeupe? Mpeni mtoto ukoo wa bure, aoe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa." Baliram alinyanyuka kwa shida, akajifuta mikono kwenye suruali, akatazama juu paani badala ya kumtazama mwanawe. "Na kusema kweli, nilitumaini utakataa hata hivyo."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama anavyosema boksi limelowa, na Nakul akahisi kitu kinavunjika ambacho hakuna godoro la kukipokea. Aliinama akaweka paji la uso kwenye goti lile bovu la mzee, mbele ya mafundi wa taa na wapika chai, akalia kwa sauti. Baliram alimpiga piga kisogoni.

"Basi, basi. Utalowesha maboksi."

Jioni hiyo hiyo Nakul aliazima simu ya fundi taa. Revati akapokea, maana hakuijua namba.

"Usikate. Nina swali moja tu."

Revati hakukata.

"Ulinikimbia kwa sababu sina kwetu?"

"Nilikukimbia kwa sababu unako," Revati akasema, "na ulikukana. Mtu anayemkana aliyemlea ili anipate mimi, siku akitaka kingine mimi ni nani?"

"Mimi ni mjinga, Revati."

"Hilo sikukatalii."

"Nimemwambia mzee. Alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyewapa wazo."

Revati akavuta pumzi ndefu. Nakul akamsikia anatembea chumbani, huku na huku, peku.

"Sasa nisikilize wewe," akasema. "Mjomba si ana desturi nyingi? Ipo nyingine. Binti anaweza kutolewa kwa mjomba wake akawa binti wa mjomba. Mjomba ni ukoo wa Shandilya. Baba akinitoa, mimi nakuwa Shandilya, wewe unabaki Bharadwaj na baba yako, na ndoa inafungwa. Anachotakiwa ni kusema mbele ya watu kwamba mimi si wake tena. Si ni jambo la kusema tu?"

"Usimfanyie mzee wako hivyo, mpenzi."

"Simfanyii kitu ambacho hakumfanyia mwenzake."

Mishra alikubali haraka kuliko walivyotarajia. Alikuwa amechoka na binti asiyekula, na zaidi amechoka na nyumba isiyo na sauti. Pandit Kamlesh akatafuta siku njema, na mchana wa siku hiyo banda la harusi likasimamishwa uani, mvua ikawaonea huruma, na bendi ya matarumbeta ikaanza kupiga getini hata kabla ya kuambiwa.

Revati alivaa sari nyekundu ya marehemu mama yake. Nakul alivaa kilemba kilichomshuka mpaka kwenye nyusi, na Baliram, kwenye kurta ile ile nyeupe, alikaa nyuma yake. Kabla ya harusi ilikuwa lazima kwanza binti ahamishwe. Mishra akapewa kikombe cha shaba chenye maji. Revati akakaa mbele yake.

"Shemeji, mimina maji mkononi mwangu, useme ukinifuata," Pandit Kamlesh akasema. "Revati niliyemzaa namtoa. Kuanzia leo si wangu."

"Revati niliyemzaa," Mishra akasema, akakohoa. "Namtoa."

"Kuanzia leo."

"Kuanzia leo." Akatabasamu kwa watu, kama msomaji aliyepoteza mstari. "Kuanzia leo."

"Si wangu."

Mishra akafungua mdomo. Miaka yote ile alikuwa amewatangazia watu treni zinazokwenda mbali, sauti yake ikivuka mistari sita ya reli. Sasa haikuvuka meno. Kikombe kikainama, maji yakamwagikia magotini mwa Revati, na Revati, aliyekuja amejiandaa kushinda, akainamisha kichwa na kulia. Hakuwa amejua itauma pande zote mbili.

Mishra akamgeukia Baliram. "Wewe uliwezaje?"

"Sikuweza," Baliram akasema. "Nilimwambia Kamlesh nikiwa nimegeukia ukuta. Kisha nikatoka nje nikatapika."

Mishra alikiweka kikombe chini, akachukua kitambaa chake mwenyewe, akamfuta binti yake magoti, kama alivyokuwa akimfuta akitoka shule kwenye mvua.

"Kamlesh, funga desturi zako zote mbili," akasema. "Huyu ni wangu. Na yule ni wake."

"Shemeji, ukoo ni mmoja. Mimi mdomo wangu hauwezi kusoma ndoa hiyo."

"Basi usisome. Kama kuna dhambi, niandikiwe mimi."

Pandit Kamlesh akakusanya vitabu vyake, akambusu Revati kichwani kwa huzuni ya kweli, akaondoka. Baadhi ya majamaa wakamfuata, wengine wakafika getini, wakanusa biriani ya mboga, wakarudi. Bendi haikujua ipige au inyamaze, kwa hiyo ikapiga kwa nguvu zaidi.

Walibaki wazee wawili na moto ambao maharusi huuzunguka ili ndoa ifungwe. Mishra akashika nafasi ya kasisi kwa maneno anayoyakumbuka kutoka harusi yake, Baliram akimwaga samli motoni na kumsahihisha. Walibishana kama mchele hutangulia au maua, na kila mmoja aliapa kwamba kwao ndivyo. Revati alimsogelea Nakul, pindo la sari likafungwa kwenye mtandio wake.

"Goti lako limetulia," akamnong'oneza.

"Naogopa kulitikisa, baba yako atabadili mawazo."

"Nyinyi, kimya," Mishra akasema. Akajisafisha koo, akamkabili Nakul, na sasa sauti ilikuwa imemrudia. "Mwana wa nani?"

"Wa Baliram Dubey."

"Paza sauti, bendi inapiga."

"Mwana wa Baliram Dubey," Nakul akasema, mpaka wapiga tarumbeta wakageuka.

"Nimesikia, nimesikia," Baliram akasema, akimwaga samli pembeni ya moto. "Zungukeni, moto utazima."